Picha Kwanza, Penseli Baadaye

 Wazee wangu mlioko Ndungu, Maore, Kihurio, na ninyi mlioko juu milimani, Mamba Myamba na Vunta, nisikilizeni. Vijana wenzangu, nanyi pia. Na ninyi watoto mnaosikiliza mkiwa mmekaa karibu na mama jikoni, msilale kwanza, kwa sababu mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi.

Leo tuzungumze juu ya vitabu vya watoto wadogo. Sisemi vitabu vya darasa la tano wala la sita. Nasema vitabu vya mtoto ambaye bado hajajua kusoma: wa miaka miwili, mitatu, minne, mitano, mpaka yule anayejiandaa kuingia darasa la kwanza. Vitabu hivyo viko vya aina mbili. Kuna vitabu vya picha, vyenye hadithi fupi au visivyo na maneno kabisa. Halafu kuna vitabu vya mazoezi, vile vya kufuatisha herufi kwa penseli, kuunganisha nukta, kuhesabu maembe na kupaka rangi. Tuchague vipi? Tuanze na kipi? Na fedha ikiwa haitoshi, tufanyeje?

Jibu langu nawapa mapema, ili hata yule ambaye anaitwa nje sasa hivi asiondoke mikono mitupu. Jibu langu ni hili: picha kwanza, penseli baadaye. Nitalirudia njiani, maana ndilo lililonileta hapa.

Kwa nini nalileta jambo hili? Nalileta kwa sababu ya yale tunayoyaona kila mwaka. Mpunga unavunwa katika majaluba ya skimu ya Ndungu, tangawizi inashuka kutoka Mamba Myamba, fedha kidogo inaingia nyumbani, na Januari inakaribia. Mama anakwenda stesheneri au anasimama gulioni mbele ya turubai la vitabu, anauliza, "Mwanangu, una vitabu vya nasari?" Kijana anayeuza anampa kitabu chembamba chenye jalada linalong'aa. "Chukua hiki mama, kina herufi zote, na namba mpaka mia." Mama anafungua ukurasa mmoja, anaona nukta za kufuatisha, analipa, anaondoka.

Simlaumu mama huyo. Kitabu cha mazoezi kinaonekana kama shule. Kina mistari, kina penseli, kina sehemu ya mwalimu kuweka vema. Kitabu cha picha kinaonekana kama mchezo. Na mzazi aliyetoa jasho shambani hataki kununua mchezo, anataka kununua elimu. Hilo naliheshimu sana. Lakini naomba hapo tusimame kidogo, mzazi mwenzangu, tuulizane: mtoto anajifunza kusoma kwa kutumia nini?

Wengi tutajibu, kwa kutumia herufi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni lugha iliyomo kichwani mwake kabla hajaiona herufi hata moja. Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kulitamka karibu kila neno atakaloliona. Neema hiyo ina mtego ndani yake. Mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, mama akafurahi, jirani akasifu, na mtoto mwenyewe asijue ukurasa umesema nini. Ametamka, hajasoma. Muulize, "Haya, fisi alifanya nini?" Anakutazama tu.

Mtego huo ni mkubwa zaidi kwetu huku Upareni. Mtoto aliyezaliwa milimani, anayelelewa na bibi, anakuja shuleni akiwa na Chasu, lugha yetu ya Kipare, mdomoni na Kiswahili kidogo cha dukani. Mtoto wa tambarare ya Ndungu anaweza kuwa na Kiswahili kingi zaidi, maana hapa tumechanganyika, Wapare, Wasambaa, na wengine waliofuata mashamba ya mkonge na ya mpunga. Hata hivyo Kiswahili cha nyumbani ni cha "njoo, kaa, kula, acha". Kitabu kina Kiswahili kingine: "hapo zamani", "ghafla", "akajificha nyuma ya", "kwa sababu". Maneno haya mtoto atayapata wapi? Hayamo katika nukta za kufuatisha. Yamo katika hadithi, na katika mazungumzo juu ya hadithi.

Shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto wetu nchini mwaka 2010, kwa kwenda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka huo watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi hiyo. Tangu hapo serikali imefanya mengi, ukiwemo mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mwalimu amepewa kazi yake. Mimi leo naizungumzia kazi ya nyumbani, kabla mtoto hajafika kwa mwalimu.

Sasa tukitazame kitabu cha picha chenyewe. Kitabu kizuri cha picha kinafanyaje kazi?

Nitawapa mfano. Mwaka 1994 mwandishi wa Uingereza, Eileen Browne, alitoa kitabu kiitwacho *Handa's Surprise*. Habari yake inatokea kwa jirani zetu Waluo wa Kenya. Binti mdogo, Handa, amebeba kichwani kikapu chenye matunda saba, kila tunda la aina yake, anampelekea rafiki yake Akeyo. Njiani anawaza ni tunda gani rafiki yake atalipenda. Maneno ya kitabu yanasema hayo tu. Lakini tazama picha! Nyuma ya Handa yuko tumbili, anachukua ndizi. Anakuja mbuni, anachukua lake. Anakuja pundamilia, anakuja tembo, kila mnyama na tunda lake. Handa haoni. Maneno hayasemi. Anayeona ni mtoto aliyeshika kitabu!

Mnaelewa kinachotokea hapo, wasikilizaji? Mtoto wa miaka minne anapiga kelele, "Bibi, tazama, tumbili anaiba!" Amejua jambo ambalo aliye kitabuni halijui. Atalisema, atalirudia, ataeleza, atabishana. Bibi hata kama hajui kusoma, anaweza kukifungua kitabu hicho na kumwuliza mjukuu, "Na huyu naye anafanya nini?" Picha imebeba nusu ya hadithi, na mtoto ndiye anayeisema nusu hiyo. Hicho ndicho kitabu cha picha. Kitabu ambacho maneno yanasema "huyu ni tembo" na picha inaonyesha tembo, basi, hicho ni orodha yenye picha. Kina kazi yake kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, lakini hakimpeleki mtoto mbali.

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Grover Whitehurst walilipima jambo hili. Waliwachukua wazazi wa watoto wadogo, wote wakiwa na desturi ya kuwasomea watoto wao. Kundi moja likafundishwa kusoma kwa kuuliza: huyu nani, anafanya nini, unafikiri kwa nini. Mtoto akijibu neno moja, mzazi analirudisha likiwa sentensi. Kundi jingine likaendelea kusoma kama kawaida. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto walioulizwa walikuwa mbele ya wenzao kwa lugha. Hawakuongezewa vitabu. Kilichobadilika ni nani anayezungumza.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya turubai gulioni, fanya hivi. Kichukue kitabu, usikisome, kitazame. Ziba maneno kwa kiganja chako na utazame picha peke yake. Je, unaweza kusema kuna nini kinachotokea? Je, unaweza kuuliza maswali mawili matatu juu ya picha hiyo? Kama huna la kuuliza, mtoto naye hatakuwa na la kusema, na kitabu hicho kitakaa juu ya kabati. Kama maswali yanakujia yenyewe, hapo umepata kitabu. Kipimo hiki hakihitaji uwe umesoma. Babu anakiweza, na dada wa kazi pia.

Nasema tena: picha kwanza, penseli baadaye.

Je, picha ziwe za wapi? Wapo wanaosema mtoto asione kitu cha kigeni. Mimi siko upande huo. Mtoto wa Ndungu ana haki ya kuona theluji, meli na jangwa. Lakini aanze kwa kujiona mwenyewe. Mtoto wetu anajua kwelea kwelea wanavyoshuka juu ya mpunga, na huenda amewahi kutumwa kuwafukuza. Anajua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, linavyofunguliwa na maji yanavyofuata mifereji kuteremka shambani. Anasikia habari za tembo wanaovuka kutoka Mkomazi, hifadhi ambayo iko hapo kando yetu na ambayo ndani yake wanatunzwa faru weusi. Anakula makande. Mtoto huyu akifungua kitabu akakuta nyumba kama ya kwao, kanga kama ya mama yake, mlima nyuma ya shule, ulimi unafunguka. Anakuwa mwalimu wa kitabu. Anakwambia, "Hapana, jembe halishikwi hivi."

Kuna watu wa mbali walioliona hili kabla yetu. Mwaka 1971 huko Marekani kilitoka kitabu cha picha cha kufundisha kuhesabu kwa Kiswahili, *Moja Means One*, kilichoandikwa na Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na kuchorwa na Tom Feelings. Namba moja kwenye kitabu hicho ni mlima Kilimanjaro. Mwaka uliofuata kilipata heshima ya Caldecott, mojawapo ya heshima kubwa za michoro ya vitabu vya watoto huko. Akina Feelings walitaka mtoto mweusi wa Marekani ayaone mambo ya Afrika akiwa anahesabu. Ikiwa mtoto wa ng'ambo alitafutiwa mlima wa mkoa wetu wa Kilimanjaro ili ajifunze moja, mtoto wa mkoa huu huu tumtafutie nini? Kwenye turubai za gulioni bado nakuta vitabu ambavyo moja ni tufaha la nchi za baridi ambalo mtoto wetu hajawahi kulishika!

Vya kwetu vipo, wasikilizaji. Naomba msiseme havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, wakati vitabu vya hadithi kwa Kiswahili vilikuwa haba mno. Mradi huo uliwasaidia waandishi na wachapishaji wa nchini, ukanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mwaka huo huo wa 1991 Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na vitabu vya watoto vimo katika orodha yao. Kampuni ya uchapishaji ya E & D ya akina Elieshi Lema na Demere Kitunga imetoa vya kwake; Lema mwenyewe ni mwandishi wa watoto, na *Safari ya Prospa* ni kazi yake. Richard Mabala aliandika habari za Hawa, mwanamke dereva wa basi, na mnajua mtoto wa kike anavyolitazama basi baada ya hapo. Shirika la Room to Read nalo limefanya kazi na wachapishaji wa Tanzania kutoa hadithi fupi za wanaoanza kusoma. Muuzaji wako wa stesheneri akisema hana, mwambie majina hayo. Anapokwenda mjini kuchukua mzigo, ataviulizia. Muuzaji huleta kinachoulizwa.

Mambo madogo ya kutazama katika kitabu cha picha nayapitia haraka. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe karatasi ngumu kama boksi, maana atakitia mdomoni. Kurasa zilizobanwa kwa pini katikati hudumu kuliko zilizogundishwa kwa gundi hafifu, hasa penye joto kama hapa tambarare. Maandishi yawe makubwa, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na herufi ziwe na umbo lile lile ambalo mtoto atafundishwa kuandika. Tazama hasa herufi a na herufi g. Vitabu vingine huzichapa kwa umbo la magazeti, na mtoto anadhani ni herufi nyingine kabisa. Mwisho, kisome chote mwenyewe kabla hujampa mtoto, au mwombe mwenzako akusomee. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada shuleni kwa sababu ya maadili. Wizara inatazama vya shule. Cha nyumbani kwako unakitazama wewe.

Lugha je? Swali hili naulizwa mara nyingi: "Mwalimu, nikimwonyesha picha, niseme Kiswahili au Chasu?" Bibi yangu, sema lugha unayoimudu vizuri kuliko zote. Kitabu kiwe cha Kiswahili, mazungumzo yawe Chasu, hakuna ubaya wowote. Mtoto aliyezoea kueleza kwa Chasu kwa nini fisi alikimbia, tayari anajua kueleza. Kiswahili kitakuja kukaa juu ya ujuzi huo. Mwaka 1658, kule Nuremberg, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha mwalimu aitwaye Johann Amos Comenius, *Orbis Pictus*, kinachotajwa sana kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya picha kwa ajili ya watoto. Kila somo lilikuwa na picha yenye namba, na chini yake maneno ya Kilatini yakikaa kando ya maneno ya Kijerumani, lugha ya nyumbani ya mtoto. Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya shule. Comenius hakumnyang'anya mtoto lugha ya mama ili ampe ya shule. Aliziweka pamoja chini ya picha moja.

Haya, sasa tugeukie penseli.

Sijasema kitabu cha mazoezi ni kibaya. Nimesema kije baadaye, na kichaguliwe kwa macho makali zaidi, kwa sababu kosa la kitabu cha mazoezi huingia mkononi mwa mtoto. Kije lini? Akiwa na hamu. Mtoto akianza kuchora vumbini kwa kijiti na kukwambia "hili ni jina langu", muda umefika. Kwa wengi ni karibu na miaka mitano, kwa wengine mapema kidogo. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu vinataka udongo wa kufinyanga, maharage ya kuchambua, vizibo vya soda vya kupanga. Hizo zote ni mazoezi ya kuandika, na hazina bei.

Kikija, kipime hivi. Kwanza, je, ni cha Kiswahili kweli, au ni cha Kiingereza kilichovalishwa kanzu? Tafuta ukurasa wa ng'. Uko wapi? Yuko ng'ombe? Tafuta ny ya nyoka, sh ya shoka, ch ya chura, gh ya ghala. Kitabu cha mazoezi ya Kiswahili kisichokuwa na sauti hizi kimetafsiriwa bila kufikiriwa. Halafu tazama X na Q. Hatuna neno la Kiswahili linaloandikwa kwa X wala kwa Q, na C kwetu haitembei bila H. Kitabu kinachompa mtoto wako kurasa nzima za X, chenye picha ya chombo cha muziki asichokijua, kinampotezea muda. Ipo pia ile A yenye picha ya tufaha, yaani "apple" ya Kiingereza. Kwa Kiingereza herufi hiyo ina jina lake na sauti zake nyingi. Kwa Kiswahili a ni a, ya asali, siku zote. Mwalimu wa darasa la kwanza leo anaanza na sauti ya herufi, anasema b kama inavyosikika katika baba. Mtoto akifika amekariri "ei, bii, sii", mwalimu anaanza kwa kumfundisha kusahau.

Wazazi ambao watoto wenu wanakwenda shule za mchepuo wa Kiingereza, nawasikia. Mna haki ya kuchagua. Nunueni cha Kiingereza kwa Kiingereza, na cha Kiswahili kwa Kiswahili, ila msinunue kimoja kinachozichanganya sauti za lugha zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Pili, hesabu vitu. Usicheke, hesabu kweli. Ukurasa umeandika 7, hesabu samaki. Vitabu vya turubai vingi vimenakiliwa kutoka nakala ya nakala, samaki mmoja amefifia, wamebaki sita. Mtoto akihesabu sita na kitabu kinasema saba, atalaumiwa yeye. Mwaka 2017 makosa katika vitabu vya kiada yalizungumzwa hadi bungeni, na hivyo ni vitabu vinavyopitia mikono ya wataalamu wengi. Sembuse kijitabu kisicho na jina la mwandishi wala la mchapishaji! Kitabu kisichotaja aliyekiandika, kirudishe.

Tatu, tazama kinachotangulia. Kitabu kizuri kinaanza na mistari: mstari wa kusimama, wa kulala, wa kuinama, mduara, mawimbi. Baadaye ndipo kinaingia kuumba herufi, na kinaonyesha kwa mshale penseli inaanzia wapi na inakwenda wapi. Kitabu kinachoanza ukurasa wa kwanza na A kubwa, wa pili B kubwa, bila mshale, kinamfundisha mtoto kuchora herufi, naye atazichora kutoka chini kwenda juu mpaka darasa la tatu.

Nne, muulize mwalimu wa awali wa shule ya jirani kabla hujanunua. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, na kwenye turubai bado vimo vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa jalada jipya. Mwalimu atakwambia kwa dakika moja tu.

Ukishanunua, usimwache mtoto akimalize kwa siku mbili. Ukurasa mmoja, dakika kumi, kisha akacheze. Akitumia mkono wa kushoto, mwache. Na kama nyumba ina watoto wengi, chukua nailoni ya kufunikia madaftari, itandaze juu ya ukurasa, mtoto afuatishe kwa maka peni, futa, mwingine naye afuatishe.

Hapo tumegusa fedha, na fedha ndiyo mzigo wetu sote. Tupige hesabu pamoja. Kitabu cha mazoezi kikishajazwa, kimekwisha. Hakuna wa kukirithi. Kitabu cha picha chenye bei ya kilo mbili tatu za mchele atakisoma mkubwa, atakisoma mdogo, atakisoma mtoto wa jirani, na mtoto yule yule atakuomba umsomee kitabu kile kile jioni baada ya jioni. Usichoke naye. Anapokiomba tena ndipo anapokuwa amekikariri, na siku moja atalitazama neno, atalitamka, na litakuwa ndilo. Kwa hiyo mwenye fedha ya kitabu kimoja tu mwaka huu, anunue cha picha. Penseli na daftari tupu vitatosha kwa mengine. Wewe mwenyewe utamchorea mistari.

Na mwenye simu ya intaneti, sikiliza vizuri. African Storybook ni maktaba ya hadithi fupi za picha za Afrika, zikiwemo nyingi za Kiswahili, na zimetolewa kwa ruhusa ya kuzisoma na kuzichapa bure. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ambamo vitabu vyake vya kiada husomwa bila malipo. Pakua hadithi moja, ipeleke stesheneri, toa kopi, zikunje, zishone kwa uzi katikati. Nyumba zenye televisheni zina *Akili and Me*, katuni ya shirika la Ubongo ya watoto wadogo, ambayo Akili wake anaishi chini ya Kilimanjaro. Kaa naye mtazame pamoja, umwulize kama unavyomwuliza juu ya kitabu. Mtoto aliyeachwa peke yake na kioo hana wa kumjibu.

Na asiye na simu wala fedha? Chukua boksi la sabuni, kata kurasa nne, mwite kaka mkubwa anayejua kuchora. Bibi aseme hadithi ya sungura na fisi aliyoisikia kwa mama yake huko milimani, kaka achore, mtoto achague rangi. Kama sentensi ni moja kwa ukurasa, kwa Chasu au kwa Kiswahili, kitabu kimekamilika. Namsihi hasa mwalimu wa awali na mwalimu wa shule ya Jumapili au wa madrasa alifikirie hilo, maana ninyi mna watoto wengi mara moja.

Ombi langu kwenu, watu wa Ndungu na majirani, ni hili. Kabla ya Januari, nyumba tano za mtaa mmoja zikubaliane. Kila nyumba inunue kitabu kimoja cha picha, kila moja kitabu tofauti, na kila Jumamosi mbadilishane. Kila mtoto atakuwa amefunguliwa vitabu vitano kwa bei ya kimoja. Mkifika gulioni msikubali kuuziwa kitabu kilichofungwa kwenye nailoni. Mwambieni kijana akifungue, mzibe maneno kwa kiganja, mtazame picha. Na mkiulizwa mnatafuta nini, semeni wazi: tunataka vya picha kwanza, vya penseli tutarudi kuvichukua.